Kiota cha Januari

Meenavalla, Donegal
Jumatano, 29 Januari

Dada yangu mpenzi Dervla,

Salamu zangu zikukute hapo Dublin ukiwa mwenye afya, wewe pamoja na shemeji Ultan na wale mapacha, ambao natumaini kikohozi kimekwisha kuwaachia vifua. Sisi huku tu wazima kwa kadiri majira yanavyoruhusu. Mama anakula, anatembea hadi kwenye geti la barabarani na kurudi, na jana aliusema vibaya mkate wa dukani kwa muda wa robo saa, kwa hiyo ujue kwamba amepona. Boila la jikoni nalo linawaka, na nyumba ina joto. Leo ni siku ya kumi na saba linawaka bila kusita hata mara moja, na nikuambie ukweli, kila linapowaka mimi huinuka kitini.

Barua pepe yako ya Jumapili nimeisoma, nikairudia. Umeniomba ushahidi wangu kwa maandishi: tarehe, tabia ya boila, na yale ambayo fundi Manus Boyce aliyatenda au hakuyatenda, ili Ijumaa upeleke malalamiko kwenye bodi inayotoa vibali vya mafundi wa mafuta. Umesema kwamba ukiwa na picha ya kadi ya matengenezo na maelezo yangu yenye saini, mtu huyo hatagusa tena boila la mtu katika kaunti hii. Naamini hivyo. Nimewahi kuona unavyoandika ukikasirika. Kwa sababu hiyo sikukupigia simu. Kwenye simu ungeniuliza, nami ningejibu, na unanijua: nikijibu hutafuta kushinda kwanza, ukweli hufuata ukipata nafasi. Nakusihi usome mpaka mwisho kabla ya kuinua chochote, iwe simu au kalamu.

Nianze na mwezi wa Novemba. Nilirudi nyumbani nikiwa na shahada ya fizikia ya daraja la kwanza, makasha sita ya vitabu, na bila kazi. Ulinikabidhi Mama. Maneno yako yalikuwa kwamba sasa kuna mwanamume msomi ndani ya nyumba, kwa hiyo utalala usingizi. Niliyapokea maneno hayo kama mtu apokeavyo cheo. Wiki ya kwanza nilipima joto la kila chumba kwa kipimajoto, nikachora ramani ya mahali joto linapovuja, nikamweleza Mama kwamba nyumba yetu inaipasha joto bahari ya Atlantiki. Mama alisema bahari haijawahi kumshukuru.

Mwanzoni mwa Desemba boila lilianza visa vyake. Lilikuwa likiwaka, likinguruma dakika tano au kumi, kisha linazima, na taa nyekundu inatokea usoni pake. Nabonyeza kitufe, linawaka. Baada ya saa moja linazima tena. Kisha linakaa siku mbili nzima likifanya kazi kama malaika, hata nianze kujisifu, ndipo linazima alfajiri na kumwacha Mama jikoni amevaa koti juu ya gauni la kulalia, akisubiri maji yachemke.

Nililishughulikia kwa utaratibu. Nilipima mafuta ya taa ndani ya tangi kwa fimbo. Yalikuwa zaidi ya nusu. Nilifungua chujio, nikaosha, nikarudisha. Nilitoa hewa kwenye pampu mpaka mafuta yakatoka bila povu, nikanuka mafuta ya taa siku tatu, Mama akawa ananilisha upande wa pili wa meza. Nilibadilisha nozeli ile inayonyunyiza mafuta kwenye moto. Nilifungua kile kidude cha kioo, kidogo kama kizibo, ambacho mafundi hukiita jicho, kwa kuwa kazi yake ni kuutazama moto. Kisipoona moto, huzima kila kitu. Kilikuwa cheusi kwa masizi. Nikakipangusa, boila likawaka siku mbili. Kikawa cheusi tena, nikakipangusa tena. Niliweka daftari. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeandika mizimiko arobaini na mmoja, pamoja na saa, joto la nje na umri wa nozeli.

Mama aliniangalia nikiandika, akasema boila hilo linapenda upepo wa magharibi. Ukivuma kutoka baharini linawaka. Hali ikitulia na jalidi kuanguka, linazima. Nilimpa mhadhara. Nilimweleza kwamba mambo mawili kutokea pamoja si dalili kwamba moja limelizaa jingine, nikamtolea mifano ya majogoo wasioliamsha jua, na ya korongo wanaosemwa kuwaleta watoto wachanga. Alinisikiliza mpaka yai lake likaiva.

“Sawa, profesa,” alisema. “Basi uite huo upepo, maana miguu yangu inaganda.”

Manus alikuja katikati ya Desemba. Sikumwita mimi, Mama alimwita, akaniambia baadaye. Unamjua: yule mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, ambaye husalimia boila kabla ya kumsalimia mwenye nyumba. Alipiga magoti, akatoa jicho, akalifuta kwa leso yake na kunionyesha weusi. Alisema jicho haliumwi, limepakwa tu. Masizi ni jasho la mgonjwa, homa yenyewe iko kwingine, kwa hiyo nimpishe akitazame chumba chote. Akataka kulisogeza lile kabati la viatu lililo ukutani mkabala na boila.

Mimi nilisimama mbele ya kabati. Nilikuwa na kitabu cha maelekezo mkononi, kurasa arobaini nilizozichapisha kwenye maktaba ya Dungloe. Nilimweleza kwamba boila la aina hii huvuta hewa yake kutoka nje kupitia bomba lake lenyewe, kwamba chumba hakihusiki, na kwamba mtu anayetafuta hitilafu ya moto kwenye kabati la viatu anapiga ramli, hatengenezi.

Akaniuliza taratibu, “Hicho kitabu ni cha boila gani, kijana wangu?”

Nikamjibu kwamba ni cha hili hili. Jina liko kwenye jalada.

“Hili nililifunga mimi, mwaka ule marehemu baba yako aliouza wale ng'ombe wekundu. Kitabu chake kilikuwa na kurasa nane, na nne zililiwa na panya.”

Mama alicheka. Dervla, huenda ukaona ni jambo dogo, lakini kicheko kile kilinichoma. Nilisema maneno ambayo sitayarudia yote. La mwisho lilikuwa kwamba kazi inayojifunzwa kwa kusikiasikia inafaa istaafu pamoja na masikio yaliyoisikia. Manus alikusanya spana zake moja moja. Mama alimpa chai, naye akainywa amesimama. Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuelezwa maana ya mtu kunywa chai amesimama jikoni mwa Mama yetu, Rosaleen Melly, baada ya miaka thelathini ya kuketi.

Baada ya hapo nilibaki mimi na kitufe chekundu. Mama alianza kuumwa kichwa asubuhi. Nilisema ni mafua. Alikuwa akiacha maneno katikati, anasahau sukari iko wapi. Nilisema ni majira, giza, uzee. Kwa kila dalili nilikuwa na maelezo, tena maelezo mazuri.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili Januari kulikuwa na jalidi na utulivu kamili. Moshi wa majirani ulisimama wima kama nguzo. Boila lilikuwa limewaka tangu alfajiri kwa msaada wa kidole changu. Mama alisema hajisikii vizuri, hatakwenda kanisani, niende mimi. Nilikwenda, nikabaki getini baada ya misa nikibishana na mwalimu mkuu juu ya bei ya umeme wa upepo, nikashinda, nikarudi saa sita kasoro. Nilimkuta ameegemeza paji la uso juu ya meza, chai imemwagika hadi chini, mashavu mekundu kama ya msichana aliyetoka kucheza dansi. Nilimwita, hakujibu. Nilimbeba mpaka uani. Dada yangu, ni mwepesi. Sikujua kwamba mama yetu amekuwa mwepesi kiasi kile.

Yaliyofuata unayajua: gari la wagonjwa, hospitali ya Letterkenny, daktari aliyesema damu yake ina ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo moto huitoa unapokosa pumzi, na kwamba nusu saa zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Ulifika jioni ukiwa bado na viatu vya ofisini.

Wakati sisi tuko hospitalini, Manus alisikia habari. Akaja, akachukua ufunguo chini ya chungu cha maua, akaingia, akafanya kazi peke yake mchana ule wote. Tuliporudi Jumanne tulikuta boila linawaka kwa sauti moja, na kwenye ile kadi inayoning'inia ubavuni mwake, ambayo fundi huandika kila anapolihudumia, kulikuwa na mstari mpya kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: KIOTA CHA NDEGE KIMETOLEWA KWENYE TUNDU LA HEWA. WAVU UMEWEKWA. SALAMA KUTUMIKA.

Wewe uliisoma kwanza. Nakumbuka ulivyogeuka. Ulisema, kwa hiyo tundu lilikuwa limezibwa na ndege, na tundu hilo halikuwa na wavu, na yeye ndiye aliyelihudumia boila mwezi wa Septemba. Amejihukumu kwa mkono wake. Ukapiga picha. Nami nilisimama kando yako, nikasema ndiyo. Kisha Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye geti la kanisa, mbele ya watu wasiopungua ishirini, nikauliza kwa sauti ni fundi wa namna gani anayeacha tundu la hewa wazi kwa kunguru. Nilipangilia hoja vizuri. Watu walitikisa vichwa. Wiki hiyo hiyo nyumba tano zilimwita fundi mwingine, na parokia ikalifuta jina lake kwenye boila la ukumbi. Manus alikuwapo pale getini, kando ya ukuta, kofia mkononi. Nilijiambia kwamba kimya chake ni kukiri.

Sasa, Dervla, nijibu swali moja, wewe uliyekulia shambani kama mimi. Ni ndege gani anayejenga kiota mwezi wa Januari?

Hakuna. Kunguru huanza kubeba vijiti mwezi wa Machi. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Wewe ulikuwa na hasira na hofu, na mji umekusahaulisha. Watu wa getini nao, nadhani baadhi walijua, wakamezea. Mimi nilijua tangu dakika ile ulipoisoma kadi.

Hapakuwa na kiota. Tundu la hewa lililo nyuma ya kabati la viatu nililiziba mimi, kwa mkono wangu, tarehe ishirini na tisa Novemba. Baridi ilikuwa ikiingia hapo na kumpiga Mama vifundoni, na kwenye ramani yangu ya joto tundu hilo lilikuwa doa jekundu kuliko yote. Nililijaza kwa sweta langu la chuo, lile la buluu lenye nembo kifuani, nikalisukuma ndani kwa mpini wa ufagio mpaka likakaza, kisha nikasogeza kabati mbele yake ili pasionekane ovyo. Kitabu changu kilisema chumba hakihusiki. Kitabu kilikuwa sahihi, ila kilikuwa cha boila jipya lenye jina lile lile. Letu ni la zamani. Linapumua hewa ya chumba. Nilikuwa nimelikaba koo, nikawa nalifuta machozi na kuandika kwenye daftari linalia saa ngapi. Upepo wa magharibi ulikuwa ukiliokoa kwa kupita chini ya mlango wa uani. Mama alikuwa amesema kweli tupu.

Na Manus alipotaka kulisogeza kabati, nilisimama mbele yake si kwa sababu ya kitabu. Niliogopa ataliona sweta na kucheka. Hiyo tu. King'ora cha hewa ya sumu kilichoko koridoni mwetu nacho kilikuwa hakina betri. Septemba Manus alimwambia Mama aniagize mpya nitakaporudi, nami niliona ni upuuzi wa wauza betri.

Katika barua pepe hiyo ya Jumapili ulinitaka pia niende kwa Manus nikachukue maelezo yake, ili isionekane kwamba hatukumsikiliza. Nilikwenda jana. Njiani nilitunga hotuba tatu. Mkewe alinifungulia, akanitazama bila kunikaribisha, akaenda jikoni akafunga mlango. Manus alikuwa kwenye karakana yake anasugua nozeli kuukuu ambazo sidhani zina wa kuzingojea. Kabla sijafungua mdomo, alitoa mfuko kutoka nyuma ya mlango.

“Chukua nguo yako,” alisema. “Mke wangu ameifua mara mbili. Masizi ya kola yamekataa.”

Nilishika mfuko. Hotuba zote tatu zilitoweka. Nilimuuliza kwa nini aliandika kiota.

“Ulitaka niandike nini? Mama yako yuko hospitali, hatujui kama ataamka na akili zake. Arudi nyumbani, avae miwani yake, asome kwenye kadi kwamba mwanawe ndiye nusura amuue? Mimi sikuweza. Nikasema, kijana ana ulimi, atamwambia mwenyewe wiki hii. Mama huwa anasamehe akiambiwa na mtoto. Akisoma ukutani ni jambo jingine.”

Nilimwambia kwamba angeweza kujitetea pale getini, neno moja tu. Alifuta mikono kwa kitambaa polepole.

“Nimeandika kiota,” alisema. “Kitabaki kiota mpaka mwenye kiota aseme. Hata kwenye bodi. Mimi si mtu wa kuandika hivi leo na kusema vile kesho.”

Nikamuuliza je, wakimnyang'anya kibali? Akasema ana miaka sitini na minne na magoti yake yameshamwomba apumzike mara nyingi. Lakini hakuwa akinitazama, na mkono wake uliokuwa umeshika ile nozeli ulikuwa ukiigeuzageuza bila kuisugua. Yeye hana kazi nyingine, Dervla. Hana kingine anachokijua, wala mtu wa kumkumbuka kwa lolote ila kwamba nyumba zilizo kati ya daraja na bahari zilikuwa na joto. Hicho ndicho mimi na wewe tunachotaka kumnyang'anya Ijumaa, wewe kwa kutokujua na mimi kwa kujua.

Kwa hiyo ushahidi wangu ulioniomba ndio huu, na nimeutia saini hapa chini. Usiyapeleke yale malalamiko. Bodi ikiwa imekwisha kusikia lolote kutoka kwako, wapelekee barua hii yote, bila kukata mstari hata mmoja wa kunihurumia. Jumapili nitasimama pale pale getini na kusema kwa sauti ile ile. Sina shaka wengine watacheka, na mwalimu mkuu atakuwa wa kwanza.

Nilikusudia kuifunga barua hapa, niipeleke posta, kisha nitafute wakati mzuri wa kumwambia Mama. Nimekuwa nikitembea kati ya meza hii na dirisha tangu asubuhi nikiutafuta wakati huo mzuri. Saa nane hivi alikuja mlangoni akaniuliza kama nina minyoo. Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, wima kama mwanafunzi, kuanzia ramani ya joto mpaka kola ya sweta.

Hakulia, wala hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiweka karibu. Aliuliza kitu kimoja tu: kama ni kweli Manus amekaa siku kumi na saba na jambo hilo kifuani huku watu wakimpita barabarani. Nikasema ni kweli. Akaondoka. Nilisikia kabati la nguo likifunguliwa. Amerudi amevaa koti lake la kanisani, amefunga vifungo vyote hadi shingoni, na amebeba mkate aliouoka mwenyewe asubuhi, umefungwa kwa kitambaa. Amesema tunakwenda kwa Manus sasa hivi, kwa miguu, kupitia barabara kuu na si njia ya nyuma, ili kila dirisha lituone. Yeye ndiye atakayebisha hodi. Mimi nitasema nikiambiwa niseme, na nikisha kusema nitanyamaza, jambo ambalo anataka kuliona kwa macho yake kabla hajafa.

Nimemwomba dakika tano nimalize kukuandikia. Amekaa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba magotini, ananitazama. Ameniambia nikupe salamu, na kwamba wewe pia umeitwa: uje Jumamosi, maana aliyepiga picha ya kadi ana lake la kusema kwa yule aliyeiandika. Wasalimie mapacha, umwambie Ultan asiwapeleke nje bila kofia. Nisamehe, dada, ukiweza, au nigombeze kwanza kisha unisamehe. Nitasikiliza bila kujibu.

Mama amesimama. Naweka kalamu chini.

Mdogo wako,
Fiachra Melly